Kuka Hajashuka

Mafuta ya taa yakimwagiwa nati yenye kutu yana harufu yake, na harufu hiyo ikinipata popote nilipo, hata nikiwa nimevaa nguo za kanisa, narudi kuwa mtoto wa miaka minane aliyechuchumaa ndani ya buti ya gari huko Musanda. Wiki jana ilinipata nikiwa nimelala chali chini ya gari langu mwenyewe, spana mkononi, nywele zimejaa vumbi. Kukhu, nyanya yangu, alikuwa ametuacha. Jeneza lilikuwa limeshanunuliwa, watu walikuwa wanahesabu viti na sufuria, na mimi nilikuwa chini ya gari nafungua shokomzoba na springi za nyuma.

"Kwani hizo ziko na shida gani?" kaka yangu akaniuliza. "Si gari inatembea tu?"

Nikamwambia anisogezee jeki na aache maneno. Mimi nikishika jambo siliachi, na tabia hiyo sikuiokota njiani. Nitawaeleza nilikoitoa, hasa ninyi mliokua wakati mmoja nami, mliolelewa na nyanya na mnajua nyanya ni mtu wa namna gani.

Nyanya tulimwita Kukhu na babu tukamwita Kuka, kama wanavyoitwa kwa Waluhya wote wa kwetu. Kuka alikuwa na gari aina ya stesheni wagon, rangi ya chai ya maziwa, na gari lile lilibeba kila kitu: mbegu za miwa, mama mwenye uchungu, wanakwaya, na mara moja ndama aliyekataa kutembea. Kila asubuhi kabla ya kuliwasha, Kuka aliinama nyuma yake akaingiza mkono kati ya tairi na bodi. "Vidole vinne," alisema. "Gari mzima." Kisha aliniita nami niingize vyangu, na kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mdogo uliingia wote na nafasi ikabaki. Nilidhani kila mwenye gari duniani huanza siku yake hivyo.

Alipofariki kule Kakamega, gari lilelile ndilo lililokwenda kumleta. Asubuhi likiondoka niliingiza mkono wangu nyuma, nikaona nafasi ipo. Lilirudi alasiri mvua ikinyesha, na kabla hata halijasimama niliona tako lake limekaa chini karibu liguse matope. Wanaume sita wakatoa jeneza. Lilikuwa la mvule, zito, na walikuwa wanaguna. Mimi nilikuwa nangoja jambo moja tu, gari linyanyuke baada ya mzigo kutoka. Halikunyanyuka. Nikaenda nyuma nikaingiza mkono, na ni kidole kimoja tu kilichopita.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Gari lilikwenda likiwa juu. Lilirudi likiwa chini kwa sababu ya Kuka. Sanduku limetoka, gari bado liko chini. Basi Kuka bado yumo. Na kama nilikuwa na shaka, baba yangu mdogo aliniondolea, maana aliegemea gari jioni ile akaliangalia, akasema, "Mzee amekataa kushuka." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani. Mimi sikucheka. Kwetu mtu husemeshwa hata akiwa ndani ya jeneza. Gari linaloleta maiti likizimika njiani, mtu wa damu yake hushuka akamwomba, "Baba, twende, nyumbani wanakungoja," na nilikuwa nimesikia habari hizo jikoni mara nyingi. Mzee kukataa kushuka lilikuwa jambo linalojulikana.

Kilichokuwa kimetokea kweli, wote walikijua isipokuwa mimi. Njiani, wakishapita Ekero, pale karibu na mizani ya miwa ambapo matrekta yalikuwa yamechimba shimo la kuweza kufuga bata, gari lilitumbukia likiwa na jeneza, wanaume na magunia mawili ya sukari. Springi ya kushoto ikavunjika. Ile ya kulia ikalegea, na shokomzoba zote mbili zikamwaga mafuta. Lakini nani humkalisha mtoto chini akamweleza habari za springi siku ya mazishi?

Kwa hiyo wakati wenzangu wanalia, mimi sikulia sana. Nilikuwa na siri. Kila jioni nikitoka shule nilipanda ndani ya buti, nikafunga mlango, nikamweleza Kuka habari za siku: nani amechapwa, ng'ombe wa nani ameingia kwa shamba la nani. Nilimpelekea miwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akinimenyea kwa panga na kunikatia vipande vidogo vya kutosha mdomo wangu. Sasa nilimkatia mimi. Niliviacha pembeni chini ya zulia la buti, na kesho yake nilivikuta vimekauka, nikajua amefyonza maji. Siafu na sisimizi walipoanza kupanga foleni kwenye bampa, watu wa nyumbani walishangaa sana.

Halafu Kukhu akaanguka. Alikuwa anatoka jikoni na sahani ya obusuma, ugali wetu, akateleza kwenye kizingiti kilicholowa. Nilisikia sahani kwanza, kisha sikusikia kitu, na hicho kimya ndicho kilichonitisha. Senje Praxides, dada ya baba yangu, ndiye aliyekuwa akiendesha gari tangu Kuka aondoke. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe bonde la pili. Tukamlaza Kukhu nyuma juu ya godoro, mimi nikakaa kichwani pake, tukaenda Kakamega.

Safari ile siisahau. Nyuma hapakuwa na springi ya maana, chuma kilikuwa kinapiga chuma. Kila shimo lilikuwa kishindo, na kila kishindo Kukhu alikipokea kwa nyonga iliyovunjika. Alikuwa mwanamke aliyezaa watoto tisa bila jirani kusikia, na siku ile alilia kwa sauti kama msichana. Tulipofika mizani ya miwa aliuma leso yangu mpaka ikatoboka. Nikaona aibu kubwa. Moyoni nilikuwa namwambia Kuka, "Sogea basi, huoni anaumia?"

Daktari alimpiga picha akamfunga, akasema atapasuliwa Jumatatu ya wiki inayofuata, mtaalamu akija. Alitaka alale wodini. Kukhu akakataa katakata, hawezi kukaa wiki nzima kwa kitanda cha wageni huku kuku wake wakiliwa na kicheche. Daktari akaona amekutana na ukuta. Akamwambia Senje maneno ambayo niliyasikia kwa masikio yangu: "Mpelekeni polepole, na mkimrudisha asitikiswe namna hii. Mfupa ukihama zaidi, huyu mama hatatembea tena."

Tulivyorudi nyumbani, hata sijui niseme nini. Tulirudi kwa mwendo wa kinyonga. Alipokwisha kulazwa kitandani, Kukhu alishika mkono wa Senje.

"Praxides. Hiyo gari sipandi tena. Afadhali nirare hapa mpaka Mungu anichukue. Sitakufa kwa balabala."

"Hautapanda hiyo, Mama," Senje akasema. "Utapanda ingine."

"Ingine unatoa wapi?"

"Hii hii. Lakini itakuwa ingine."

Ijumaa Senje alitoka alfajiri na boda boda, akarudi jioni amepakata springi mbili mpya mapajani na shokomzoba mbili amezifunga mgongoni kwa leso, mahali pa mtoto. Mwendesha boda boda alikuwa anacheka hana mbavu. Senje hakucheka. Alizipanga sebuleni mbele ya Kukhu ili azione, nyeusi, zinanukia rangi. Wengine walimshauri aazime gari mahali. Akasema, "Niazime ya mtu nisiyejua chuma yake? Nataka ile mimi nimefunga nikiona." Na Jumamosi asubuhi fundi Swalehe akafika kutoka Ekero na gunia la spana.

Fundi Swalehe alikuwa mtu wa Mumias, mrefu, ndevu zimeanza mvi, kofia ya kiua iliyokuwa nyeupe zamani. Kuka alimwamini yeye peke yake. Alisalimu, "Asalaam aleikum, nyumba hii," na sisi Wakatoliki tukaitikia "Aleikum salaam" bila kukosea, maana Kuka alitufundisha. Aliinama nyuma ya gari, akaingiza mkono kati ya tairi na bodi kama Kuka, akatikisa kichwa. "Kidole kimoja. Mzee angekasirika."

Nikashtuka. Angekasirika? Kwani hajui yumo?

Akanieleza kazi, nadhani kwa kuwa nilikuwa nimemkodolea macho. Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokomzoba ndiyo inayoituliza springi isiendelee kurukaruka. Moja bila nyingine ni bure. "Leo tukimaliza," akasema, "hii gari itaruka juu hivi," akainua mkono wake kutoka magotini hadi kiunoni kwa ghafla.

Mimi nikauona ule mkono, nikamuona Kuka anarushwa nje. Alikuwa amekaa humo miezi na miezi kwa utulivu, gari limemkalia vizuri, na sasa watamrusha juu aangukie wapi? Nani atamuokota? Nilikuwa nimekwisha kumpoteza mara moja mbele ya watu wote, na wote walijua. Sikuwa tayari kumpoteza mara ya pili peke yangu. Hapo ndipo nilipoamua kwamba gari lile halitainuka.

Wakaweka mawe kwenye magurudumu ya mbele. Wakainua gari kwa jeki, wakaliegemeza kwenye magogo mawili ya mkaratusi, wakatoa matairi. Jeki ya pili ikakaa chini ya ekseli. Bolti za chini za shokomzoba zilitoka kwa matusi kidogo tu. Za juu zilikuwa ndani ya buti, chini ya zulia, na Senje alipolifunua zulia alikuta vipande vikavu vya miwa ya miezi yote ile.

"Hii ni nini? Panya wa hapa wanamenyanga miwa?"

Nilitazama mawinguni.

Nati za juu zilikuwa zimeoza. Fundi alizimwagia mafuta ya taa, akangoja, akazungusha, hazikutii. Akachukua msumeno wa chuma akazikata, zikaanguka vipande. Kisha ekseli ikashushwa taratibu na springi zikatoka, moja nzima iliyochoka na nyingine vipande viwili. Nati mpya zilizokuja na shokomzoba zilikuwa mbili tu, zinang'aa. Fundi alizikalisha juu ya mfuniko wa mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kasuku, akasema wasizichezee, uzi wake wa ndani, ile mikato ya kuzungushia, ni mwembamba, hazipatikani ovyo. Jua lilikuwa limefika utosini. Akanawa, akatandika gunia safi kando ya ghala, akaanza kuswali. Senje akaingia jikoni.

Nilizichukua. Hata sikukimbia, nilitembea. Niliingia chumbani kwa Kukhu, ambako nyuma ya mlango lilikuwa linaning'inia koti la Kuka, nikazitumbukiza kwenye mfuko wa kulia. Niliona huko ndiko salama, kwa mwenyewe. Kukhu alikuwa amefumba macho. Nikatoka kwa vidole vya miguu.

Ee, kilichofuata! Fundi alimaliza kuswali, akatazama mfuniko, akatazama ardhi. Wakatafuta kwenye majani. Senje akaleta chekeche ya unga, akachekecha vumbi lote la uani. Baadaye macho yao yakamwangukia jogoo, ingokho mkubwa mwekundu wa Kukhu, aliyekuwa akipitapita pale tangu asubuhi.

"Anapenda kitu ya kung'aa huyo," Senje akasema. "Alimezanga kifungo ya Padri."

"Nati kubwa hivyo?" fundi akauliza.

"Humjui huyu."

Wakamkamata, wakampapasa shingo. Senje akasema anahisi kitu kigumu. Fundi akasema hilo ni firigisi. Senje akamfunga miguu, akamweka kando, akatangaza kwamba nati zisipoonekana kabla ya jua kuchwa jogoo anapasuliwa, naye ndiye atakayeanza, kabla ya Kukhu. Jogoo alinitazama kwa jicho moja. Nilikuwa nampenda jogoo yule, lakini nilinyamaza. Mjue nilikuwa mtoto wa aina gani.

Fundi alijaribu nati zote za mkebe wake, moja baada ya nyingine, na hakuna iliyoshika uzi. Aliyekuwa ameuza zile mpya alikuwa mbali, na kesho ilikuwa Jumapili, hafungui. Nikaona Senje anakaa juu ya tairi, anafuta uso kwa kiganja, na mara ya kwanza maishani mwangu nikasikia sauti yake imeshuka. "Nimemwahidi Mama," akasema. Fundi akamjibu, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, dada. Inshallah tutapata." Lakini hakusema wapi.

Jua likiwa limeinama nikaitwa. "Wee mtoto! Kuja hapa." Ilikuwa sauti ya Kukhu.

Alikuwa amelala kama tulivyomwacha, chali, mto chini ya goti. Alionyesha mlango kwa kidevu. "Hiyo koti ya Kuka yako. Naona leo imekuwa nzito upande moja."

Aliniona. Saa zote hizo aliniona akanyamaza, akanipa nafasi ya kujirudi mwenyewe, nami sikujirudi.

"Umefanya hivyo kwa nini, mwana wanje? Hutaki nitembee?"

Nikapasuka. Nikalia kilio chote ambacho sikulia siku ya mazishi. Nikamwambia Kuka hajashuka, yumo ndani ya gari, ndiyo maana liko chini, na wakiliinua ataanguka, na hakuna anayejua yumo ila mimi. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Akanishika sikio, si kwa kulivuta, alilishika tu.

"Ndio maana ya miwa?"

"Ndio."

"Sikia. Siku walimleta, ni mimi nilifungua mlango ya nyuma. Nikamwambia, Mzee, shuka, umefika kwako. Akashuka. Niliona na macho yangu. Angekuwa ameniachia gari imekaliwa, mimi mke wake singejua?"

"Sasa gari iko chini juu ya nini?"

"Juu ya kuvunjika. Kama mimi. Ona nimelala hapa, siwezi kuinuka. Kwani ni nani amenikalia?"

Nikamtazama. Niliitazama nyonga yake, blanketi lililolala juu yake, na hapakuwa na mtu.

"Hiyo chuma inabadilishwa," akasema. "Na mimi nabadilishwa Jumatatu. Nataka kutembea na miguu yangu mpaka kwa kaburi yake, nimwambie uliibia fundi nati ukaweka kwa koti yake. Nisipotembea, nani atampelekea hiyo habari? Wewe unaongeanga na gari, na yeye hayuko huko. Toa hiyo kitu upeleke. Na useme ni wewe. Usitume mtu."

Nilitembea kutoka chumbani hadi uani, na hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kusafiri. Nilifungua kiganja. "Ni mimi," nikasema. Senje alinyanyua mkono, na mkono wa Senje mnaweza kuufikiria. Fundi Swalehe akasema haraka, "Alhamdulillahi! Jogoo amepona." Senje akacheka bila kutaka, mkono ukakosa kazi, ukashuka. Akaenda kumfungua jogoo.

Jumapili watu wa kwetu walikwenda misa. Senje hakwenda. Alisema Mungu anamjua na anajua mahali alipo, yuko chini ya gari. Nami sikwenda. Springi mpya ziliingia kwenye vikombe vyake na mipira yake chini na juu, ekseli ikapandishwa kwa jeki ikazibana. Fundi alizishika shokomzoba wima, akazisukuma na kuzivuta mara kadhaa kabla ya kuzifunga, akasema hewa lazima itoke, la sivyo zitafanya kazi kivivu. Kisha tukafika kwenye nati za juu. Msumari mnene wa shokomzoba ulikuwa umechomoza kwenye pembe ya buti, na ingawa jana msumeno wa fundi ulifika, vidole vyake vilikuwa vinene mno kukalisha nati hapo bila kung'oa bodi ya ndani. Jana alipanga kuing'oa. Leo alinitazama.

"Aliyezificha ndiye atazifunga," akasema. "Kwa vidole kwanza. Uzi ukikataa, usilazimishe, rudi nyuma uanze tena."

Nikapanda. Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa imejaa humo. Nilijikunja kwenye pembe ileile nilipokuwa naacha miwa, nikaikalisha nati, ikakataa, nikairudisha, ikakataa. Jasho likaniingia machoni. Senje alisema labda nitoke. Nikasema sitoki. Mara ya nne au ya tano nikauhisi uzi umeshika, laini, nikazungusha mpaka vidole vikauma. Ya pili hivyohivyo. Kabla sijatoka nilimuuliza fundi kwa sauti ya chini, nikitaka kuwa na uhakika, "Likiinuka, mtu akiwa ndani ataanguka?"

Hakuuliza mtu gani. "Hapana. Hii chuma kazi yake ni kubeba mtu asiumie."

Matairi yakarudi, jeki ikashushwa, gari likakaa kwa miguu yake, na Fundi Swalehe akamalizia kukaza bolti za chini. Senje alisukuma nyuma kwa nguvu zake zote. Gari likashuka, likapanda, likatulia. Nikaingiza mkono kati ya tairi na bodi, na ukaingia wote na nafasi ikabaki. Nikafungua mlango wa buti, nikatazama ndani kwa muda mrefu. Palikuwa na zulia na vumbi la kutu, basi. Nikalia tena kidogo, lakini hicho kilikuwa kilio cha kawaida, kile walichokuwa wamelia wenzangu tangu zamani.

Jumatatu tulimlaza Kukhu kwenye godoro lilelile. Alikuwa amefumba macho tangu langoni, leso mdomoni tayari, anaisubiri mizani ya miwa. Senje alipunguza mwendo. Gari likashuka ndani ya shimo, likapanda, likatulia. Tukaendelea kama mita mia mbili hivi.

"Tukifika hapo mbaya uniambie," Kukhu akasema.

"Kukhu, tumepita."

Akafungua jicho moja. "Tumepita?"

"Tumepita."

Akatoa leso mdomoni, akanipa.

Alitembea. Ilichukua miezi na fimbo mbili, kisha fimbo moja, na siku aliyofika kaburini kwa miguu yake alinifukuza nikae mbali ili amweleze Kuka habari zangu. Nilimsikia akicheka peke yake. Ile springi nzima ya zamani aliiomba, akaikalisha pembeni mwa sebule na kuweka mtungi wake wa maji juu yake, na mtu akiuliza alisema, "Huyo anabeba." Bado iko hapo.

Basi wiki jana nilikwenda kumchukua Kukhu kutoka Kakamega kwa gari langu, springi mpya na shokomzoba mpya, nimezifunga kwa mkono wangu, nati za juu kwa vidole kwanza. Jeneza lilikuwa la mvule, kama la Kuka, maana alisema hataki dogo. Kaka yangu alitaka kuendesha, nikamnyima. Shimo la mizani lipo. Limezibwa mara nyingi na kila mara limerudi. Nilipunguza mwendo, gari likashuka, likapanda, likatulia, na nyuma hakikugonga kitu. Nikasema kwa sauti, wala sikuona haya mbele ya kaka yangu, "Kukhu, tumepita."

Nyumbani wanaume sita walikuwa wanangoja. Nilifungua mlango wa nyuma mimi mwenyewe, nikamwambia, "Kukhu, shuka, umefika kwako." Wakambeba wakiguna wakaingia naye ndani. Watu wote wakamfuata, nikabaki peke yangu na gari. Nilipiga magoti kwenye nyasi nikaingiza mkono kati ya tairi na bodi, nikiwa na akili zangu timamu za mtu mzima, na nikiomba, Mungu anisamehe, kipite kidole kimoja tu. Viliingia vyote vinne. Kukhu alikuwa ameshuka.